Msumeno Mpya wa Atelie ya Mbao: Kwanza Vidole, Halafu Bei



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya kofia ya usalama, baruti na hewa ya chini ya ardhi. Leo tuingie atelie ya mbao. Wengi wetu hudhani kwamba hatari za mgodi zinakaa shimoni, na kwamba seremala anayefanya kazi huku juu, chini ya mabati, penye upepo wa ziwa, hana la kuogopa isipokuwa nyundo juu ya kidole gumba. Sivyo. Nyundo huponda kidole, na kidole hupona. Msumeno wa duara hukiondoa, na daktari hawezi kushona nyama iliyogeuka unga.

Tuseme wakubwa wamekubali kununua msumeno mpya, tena si wa bei ndogo: ule mkubwa wenye meza inayoteleza, wa kukatia mabamba ya tripleksi na mbao za milango. Mashini ya namna hiyo, ikitoka mpya kiwandani Ulaya, hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ofisi ya manunuzi italeta vitabu vyenye picha nzuri. Kapita ataulizwa shauri lake. Pengine hata wewe fundi utaitwa: "Wewe ndiwe utakayeitumia, unataka ipi?" Usijibu haraka.

Kwanza tuelewane juu ya mashini yenyewe. Mwaka 1906, huko Berlin, seremala Mjerumani jina lake Wilhelm Altendorf alitengeneza msumeno wa duara ambao meza yake inatembea. Kabla ya hapo meza ilisimama, na fundi alisukuma mbao kwa mikono kuelekea kwenye meno. Mbao ilipofika mwisho, mikono nayo ilikuwa imefika. Altendorf aliifanya meza yenyewe ichukue mbao na kuipitisha kando ya meno. Watengenezaji wote wa leo, kama Altendorf na Martin wa Ujerumani, Felder wa Austria, SCM wa Italia au Robland wa Ubelgiji, wanafuata wazo hilo hilo. Kwa hiyo ukilipia msumeno wa aina hii, unalipia hasa jambo moja: mbao ibanwe juu ya meza inayoteleza, na mkono wako ukose sababu ya kufika penye meno. Mtu anayeinunua kisha anaendelea kusukuma kila kitu kwa viganja kama zamani, amenunua meza ya bei kubwa tu.

Hesabu kidogo. Sahani ya msumeno yenye upana wa milimeta 300, ikizunguka mara 4000 kwa dakika, meno yake yanakwenda karibu meta 63 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 220 kwa saa. Hakuna mkono unaorudi nyuma upesi kama hivyo. Kila sahani nzuri imechorwa mwendo wa juu unaoruhusiwa. Sahani pana ipewe mwendo mdogo, nyembamba inaweza kupewa mkubwa zaidi. Kwa hiyo atelie inayotumia sahani za vipimo mbalimbali ichague mashini yenye mwendo zaidi ya mmoja.

UMEME UNAOKWENDA NA KURUDI

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja, nalo kwetu Uvira ndilo la kwanza. Umeme wa SNEL tunaoutumia unatoka Ruzizi. Bwawa la kwanza, pale maji yanapotoka ziwa Kivu, linafanya kazi tangu 1958. La pili, la Kongo pamoja na Rwanda na Burundi, tangu 1989. Ni umeme mzuri ukiwapo. Lakini sote tunajua tabia yake: unakwenda bila kuaga, unarudi bila kubisha hodi.

Miaka iliyopita niliingia katika atelie ndogo ya mtu binafsi kwenye barabara ya kwenda Kalundu. Msumeno wao ulikuwa na swichi kama ya taa ya nyumbani. Umeme ulikatika wakati kijana mmoja akikata. Sahani ikapunguza mwendo, ikasimama. Kipande kidogo kilikuwa kimekwama kando ya meno, naye akainama kukitoa. Swichi hakuigusa, aizimie nini, na mashini imekwisha kufa? Umeme ukarudi. Vidole viwili vilibaki kwenye vumbi la mbao, na cha tatu hakikunji tena hadi leo. Tajiri wake alikuwa akirudia neno moja tu: "Lakini mashini ilikuwa imezima! Ilikuwa imezima!" Haikuwa imezima. Ilikuwa inangoja.

Ulizo la kwanza kwa muuzaji, basi, ni hili: umeme ukikatika na kurudi, mashini inafanya nini? Jibu linalokubalika ni moja. Swichi yake iwe na sumaku ya umeme ndani, inayojiachia mara umeme unapokwenda, na sahani isizunguke tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani kwa makusudi. Mashini mpya za kiwango cha juu zinayo. Lakini jihadhari na fundi wa umeme wa mtaani ambaye, swichi hiyo ikiharibika, huunganisha waya moja kwa moja "ili kazi isisimame". Siku hiyo mashini yako ya maelfu ya dola imekuwa sawa na ile ya barabara ya Kalundu.

Ulizo la pili ni la freni. Ukibonyeza kitufe chekundu, sahani isimame katika sekunde 10. Ndicho kipimo cha kawaida cha Ulaya. Vizuri. Lakini freni ziko za namna mbili. Ya kwanza hutumia umeme wenyewe kushika moteri. Umeme ukiwapo inashika barabara. Umeme ukikatika katikati ya kukata, haina nguvu yoyote, na sahani inaendelea kuzunguka yenyewe kwa muda mrefu, tena kimya, kwa sababu moteri haivumi tena. Kimya hicho kinadanganya. Namna ya pili ni freni ya springi: umeme huifungua, na umeme ukikosekana springi huifunga. Mahali ambapo umeme hauna uhakika, mimi ningechagua ya springi, hata kama ni lazima kuacha kipimo kimoja cha elektroniki ili bei itoshe. Muuzaji akikuambia juu ya kitufe chekundu tu, mwambie hajajibu: "Nimeuliza umeme ukikatika, Bwana, si nikibonyeza."

Tena kuna gurupu. Moteri ya kilowati 5.5, ambayo ni ya kawaida kwa misumeno hii, wakati wa kuanza huvuta umeme mara tano hadi saba kuliko inapokwisha kushika mwendo. Ongeza mashini ya kuvuta vumbi, kilowati mbili au tatu. Gurupu dogo litawasha taa zote za atelie na kukudanganya kwamba linatosha. Kisha katikati ya mbao ngumu sahani inachoka, fundi anasukuma kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo mbao inapomrudia kifuani. Kwa hiyo mnunuzi apime gurupu na mazutu yake pamoja na msumeno, katika karatasi moja ya maombi. Mashini iwe ya waya tatu za moto, volti 400, hertzi 50. Iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa hertzi 60 itazunguka polepole kwetu, pungufu ya moja ya sita.

Na hili wengi hawalijui: mkibadilisha kutoka SNEL kwenda kwenye gurupu, kama waya mbili kati ya zile tatu zimepishana, moteri itazunguka kinyume. Sahani inayozunguka kinyume inaweza kulegeza nati yake yenyewe. Kwa hiyo kila mara baada ya kubadilisha, washa kidogo bila mbao, zima, tazama mshale uliochorwa kwenye mashini na upande sahani inakoelekea. Ni kazi ya nusu dakika.

MBAO INAYORUDI

Tumetaja mbao kurudi. Tueleze. Meno ya mbele ya sahani yanakata yakishuka. Meno ya nyuma yanapanda. Ikiwa mbao itajibana nyuma, yale meno yanayopanda huinyanyua na kuirusha kwa mwendo wa sahani, kumwelekea aliyesimama. Mbao zetu zina tabia hiyo. Muvula, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mvule, na karatusi isiyokauka vizuri, huwa na mvutano ndani; ukichana, pande mbili zinafungana nyuma ya meno kama mkasi. Muvula una ubaya mwingine pia: ndani yake hupatikana vijiwe vya chokaa vigumu, na jino likikutana nacho hukatika au huwa butu. Sahani butu husukumwa kwa nguvu, na nguvu huleta ajali.

Dawa ya mbao inayorudi ni kipande cha chuma kilichosimama nyuma ya sahani, kinachozuia pande mbili zisifungane. Tukiite kisu cha kutenganisha, ingawa hakikati kitu. Kiwe karibu na meno, kati ya milimeta 3 na 8. Kiwe kinene kuliko bamba la sahani, lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Maana yake ni kwamba ukibadilisha sahani, huenda ukabadilisha kisu pia, kwa hiyo ununue visu kadhaa pamoja na sahani zake. Kipande hiki katika atelie nyingi utakikuta wapi? Katika droo, pamoja na vise zilizopinda. Kiliondolewa siku moja kwa kazi moja, hakikurudi.

Kwa sababu hiyo ningeshauri kifuniko cha sahani kinachoning'inia kwenye mkono wa chuma kutoka juu, si kile kinachofungwa juu ya kisu. Kile cha pili ni lazima ukitoe ukitaka kuchimba mfereji katika mbao, na kitu kinachotolewa kila mara hupotea. Cha juu kinanyanyuliwa kidogo tu, na kisu kinabaki mahali pake.

KABARI ZA SHIMONI

Hapa niseme na mafundi wa migodi hasa, maana seremala wa mjini hana kazi hii. Nguzo zinazoshikilia mwamba zinahitaji kabari, nyingi, kila siku. Kabari ni fupi, nyembamba upande mmoja, na kila moja inaleta vidole karibu na meno. Mtu akikata kabari mia mbili, kabari ya kwanza anaogopa, ya mia anaimba, ya mia na hamsini anamtazama mpita njia.

Msumeno wenye meza inayoteleza unafaa sana hapa, ikiwa utatengeneza kiolezo. Chukua ubao mnene, ukate ndani yake pengo lenye umbo la kabari, uufunge imara juu ya meza inayoteleza kwa vise. Kipande cha mbao kinakaa ndani ya pengo, kibanio kinakishika kutoka juu, wewe unashika mpini ulio mbali, unasukuma meza. Kabari inabaki, mkono haukusogea penye meno hata mara moja. Ukichagua mashini, dai kibanio cha nguvu kwenye orodha ya vifaa. Mara nyingi huuzwa mbali, na ofisi hukifuta ili kupunguza bei. Kikifutwa, rudisha karatasi.

Kwa kazi ya kuchana kwa kufuata ukingo wa kuongoza, ambapo meza haiteleziki, tumia kijiti cha kusukumia kila mara mbao ni fupi kuliko milimeta 300, na katika milimeta 300 za mwisho za mbao ndefu. Kijiti kiwe na mahali pake kwenye mashini. Kikiwa mbali, hakitatumika.

Nguzo za mviringo zisipandishwe kabisa juu ya mashini hii. Mti wa mviringo hugeuka, na ukigeuka unauvuta mkono. Hiyo ni kazi ya msumeno wa utepe au wa mnyororo.

Na glavu? Mgodini tunaambiwa sote tuvae glavu. Mbele ya sahani inayozunguka, vua. Jino likishika uzi wa glavu linavuta mkono wote. Glavu ni za kubebea mbao na za kubadilishia sahani wakati umeme umekatwa kwenye kisanduku kikuu.

Vitabu vipya vitakuonyesha mashini zinazojilinda zenyewe. Kule Marekani, SawStop hutambua ngozi ya mtu inapogusa meno, na kipande cha aluminiamu hurushwa ndani ya sahani kuisimamisha; baadaye ni lazima kununua kifaa kingine na sahani nyingine. Felder, tangu 2019, wana namna ya kutambua mkono unapokaribia na kushusha sahani chini ya meza bila kuharibu kitu. Altendorf wameweka kamera juu ya meza kwa kazi hiyo hiyo. Mimi sizicheki mashini hizo. Kidole kina thamani kuliko kamera. Lakini uliza ni nani atakayekuja kuzirekebisha hapa, kipande cha akiba kitachukua miezi mingapi kufika, na kamera itaona nini katika vumbi letu. Kama bajeti inatosha kwa yote, nunua. Kama haitoshi, kisu, kifuniko, freni ya springi na kibanio vitangulie.

VUMBI

Kidole kinapotea kwa nukta moja na kila mtu anaona. Pua na mapafu huharibika kwa miaka ishirini na hakuna anayeona. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba mafundi wa samani wa mji wa High Wycombe walikuwa wakipata kansa ya ndani ya pua, ugonjwa ambao kwa watu wengine ni wa nadra sana. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa binadamu. Vumbi la muvula, zaidi ya hayo, huwasha ngozi na huleta pumu. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2023, haziruhusu zaidi ya miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu katika meta moja ya ujazo ya hewa. Hiyo ni kidogo kuliko unavyofikiri. Ukiliona vumbi linaelea katika mwanga wa dirisha, kuna mengine madogo zaidi usiyoyaona, na ndiyo yanayofika ndani.

Kwa hiyo msumeno bila mashini ya kuvuta vumbi usikubaliwe. Ivute chini ya meza na ndani ya kifuniko cha juu pia, maana yanayorushwa juu ndiyo unayoyapumua. Hewa ndani ya mabomba ipite karibu meta 20 kwa sekunde, la sivyo vumbi litalala njiani na kuziba. Mfuko wa kitambaa chepesi hukamata maganda na kuachia unga mwembamba. Dai chujio zuri. Wala usisafishe mashini kwa hewa ya kompresa. Unalitoa vumbi mezani na kulitia kifuani mwa jirani yako.

Juu ya vipimo nitasema kwa ufupi. Bamba la tripleksi la kawaida lina meta 2.44 kwa 1.22. Meza inayoteleza ya meta 2.60 italichukua, ya meta 3.20 ni ya raha zaidi. Lakini meza inakwenda mbele na inarudi nyuma, kwa hiyo upime nafasi karibu meta 7 isiyo na nguzo wala rundo la mbao. Fundi aliyebanwa na ukuta hukata akiwa amepinda, na aliyepinda huteleza. Mashini ina uzito wa karibu tani moja. Mzigo ukipitia Kalundu, uliza kwanza kama kuna mashini ya kuinua, maana kuiteremsha kwa kamba na mabega ya vijana kumi ni ajali nyingine inayongoja. Wala tusisahau maji. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia ndani ya nyumba za watu, na ziwa lenyewe limepanda sana mwaka 2021 na tena 2024. Jenga msingi wa saruji ulioinuka, na kisanduku cha umeme kiwe juu ya kichwa cha mtu.

Kama fedha inatosha kwa mashini ya mkono wa pili tu, tazama alama ya CE. Mashini mpya zilizouzwa Ulaya tangu 1995 zilipaswa kuwa nayo. Kisha tafuta kisu na kifuniko chake halisi. Visipokuwapo, mashini haijakamilika, na bei ishuke au safari iishe hapo.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inaagiza kila shirika liwe na kamati ya usalama na afya. Karatasi ya maombi ipite kwake kabla ya kwenda kwa wakubwa. Na siku mashini itakapofungwa, kamati na fundi wasimame pamoja mbele yake, bila mbao, kila mtu hatua mbili nyuma. Iwashwe. Mtu mmoja ashike saa, mwingine akakate umeme kwenye kisanduku kikuu. Hesabuni sekunde mpaka sahani isimame, mziandike. Kisha umeme urudishwe, na sahani itazamwe. Ikijianza yenyewe, hata nusu mzunguko, msitie sahihi.